Yeye Mzee, Mimi Mama

Tuliajiriwa tukipishana mwaka mmoja. Yeye aliingia Julai 1993, mimi Julai 1994, sote wahasibu, sote tumesomea pale Chuo cha Usimamizi wa Fedha, Mtaa wa Shaaban Robert. Meza zetu zilitazamana. Mchana tulichangia sahani ya wali maharage kwa mama lishe nyuma ya ofisi, jioni tulisukumana kugombea daladala pale Posta ya Zamani, na tuliitana kwa majina yetu ya kwanza kama vijana wanavyoitana. Akikosea usuluhisho wa benki nilimwambia. Nikikosea mimi, aliniambia.

Siikumbuki siku yenyewe mambo yalipogeuka. Ninachojua ni kwamba tulipovuka miaka arobaini na kitu, yeye alianza kuitwa Mzee na mimi nikaanza kuitwa Mama.

Aliyewahi kufanya kazi ofisi yoyote ya Dar anaelewa uzito wa maneno haya mawili. "Mzee yupo?" maana yake bosi yupo? "Ngoja Mzee apitishe kwanza." "Mzee kasemaje?" Mtu anaweza kuwa na miaka 45, hana hata mvi moja, lakini akishaitwa Mzee karatasi zinaanza kumfuata mezani kwake. Mama naye anafuatwa, ila kwa mambo mengine. "Mama, mchango wa msiba wa fulani umefikia wapi?" "Mama, keki ya kumuaga mkurugenzi tunaagiza wapi?" "Mama, tunaomba utuandikie kumbukumbu za kikao, wewe una mwandiko mzuri." Kijana wa miaka 30 anaingia, anainamisha kichwa, "Shikamoo Mama," naitikia marahaba, kisha anapita moja kwa moja hadi kwa Mzee kujadili bajeti niliyoiandaa mimi.

Nisieleweke vibaya. Jina la Mama nalipenda. Nimezaa wawili, nimelea na wa ndugu zangu, na mtoto wa mwenzangu akiniita Mama moyo unatulia. Maneno yote mawili ni ya heshima na hakuna aliyenitukana. Lakini heshima hizi mbili zina mishahara tofauti, na tofauti hiyo nilikuja kuiona kwa tarakimu mwaka jana tu, nilipostaafu.

Nilikuwa mweka hazina wa mfuko wetu wa kufa na kuzikana kwa miaka 14. Hesabu hazikupotea hata shilingi. Kwenye fomu za tathmini ya utendaji, kazi hiyo haikuandikwa hata mara moja.

Sote tulizaliwa 1965. Juni 2025 tukatimiza 60, umri ambao mtumishi wa umma anaondoka kwa lazima (ukitaka mwenyewe unaruhusiwa kutoka ukiwa na 55). Tukaagwa siku moja, ukumbi mmoja, tukapewa zawadi zinazofanana. Wiki chache baadaye tukakaa kwenye baraza la nyumba yangu hapa Tabata, yeye na mke wake, mimi na mdogo wangu, tukiwa na makaratasi. Alitaka nimhakikie hesabu zake, maana siku zote aliniamini kwa hesabu. Nikaweka zake kushoto na zangu kulia.

Kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa pensheni, kimesemwa sana nchi hii. Kilipigiwa kelele Desemba 2018 hadi Rais Magufuli akasitisha kanuni mpya, kikarudi 2022 na mkupuo (kile unacholipwa mara moja ukistaafu) wa asilimia 33, na 2024 mkupuo ukapandishwa hadi asilimia 40 kwa sisi tuliotoka mifuko iliyokuwa inalipa 50, na 35 kwa wale waliokuwa wanapata 25. Mjadala wote ulikuwa kuhusu mkupuo. Ni haki yake, maana mkupuo ndio unaojenga nyumba. Lakini mimi nataka tuangalie ndani ya kanuni yenyewe, mahali ambapo wachache wanatazama.

Unachukua miezi uliyochangia, unaigawa kwa 580, unazidisha kwa wastani wa mshahara wako wa mwaka katika miaka mitatu bora ndani ya miaka kumi ya mwisho. Hiyo ndiyo pensheni yako kamili ya mwaka. Asilimia 40 yake, kwa sisi, inazidishwa kwa 12.5 na kulipwa kwa mkupuo. Iliyobaki inagawanywa kwa miezi 12, na hicho ndicho utakachopokea kila mwezi mpaka Mungu akuite.

Miezi nitakayoitaja ni ya kweli, ila mishahara nimeiweka ya mfano kwa kulinda siri za watu. Mimi nina miezi 360. Yeye ana 384. Tuseme mimi nimemaliza na mshahara wa 2,000,000 kwa mwezi na yeye 2,600,000. Pensheni yangu ya mwaka inatoka 14,896,552, mkupuo 74,482,759, na kila mwezi 744,828. Yake inatoka 20,656,552 kwa mwaka, mkupuo 103,282,759, na kila mwezi 1,032,828. Toa. Kwenye mkupuo kanipita 28,800,000. Kila mwezi ananipita 288,000. Tukijaliwa kuishi miaka 20 mingine, hiyo ya kila mwezi peke yake inafika 69,120,000.

Sisi wanawake kwa kawaida tunaishi zaidi ya wanaume, kwa hiyo kidogo hicho ndicho kitakachovutwa kwa miaka mingi zaidi.

Mke wake ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo, "Sasa hii tofauti imetoka wapi, na nyie mlikuwa sawa?" Hakuna aliyemjibu pale. Najaribu kumjibu hapa.

Mwaka mmoja kati ya ile miwili anayonizidi kwenye miezi ya michango ni halali yake. Alianza kabla yangu, hilo halina ubishi. Mwaka wa pili nitauelezea. Laki sita za mshahara nazo zina historia yake.

Tazama tena kile kipande cha miaka kumi ya mwisho. Kanuni haiulizi ulikuwa nani ulipokuwa na 35. Inauliza ulikuwa unalipwa nini kati ya miaka 50 na 60. Miaka hiyo kumi ndiyo inayopima maisha yako yote ya kazi. Na miaka hiyohiyo ndiyo ambayo mwanamke ofisini anaanza kuwekwa pembeni taratibu, kwa upole, kwa shikamoo nyingi.

Novemba 2015 mkuu wa kitengo chetu aliondoka. Nilikuwa nimetimiza 50 mwaka huo. Nikapewa barua ya kukaimu. Nilifurahi, sitadanganya. Nilikwenda hadi Kariakoo kutafuta kitenge cha kushona suti. Nilikaimu miezi 40. Nilisaini vocha, nilifunga vitabu, nilikaa na wakaguzi wa CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, hadi saa mbili usiku tukipekua mafaili, na kila mwaka niliokaimu tulipata hati safi. Posho ya kukaimu nayo ilikuja, ingawa kwa kuchelewa.

Kila mwaka niliuliza kuhusu kuthibitishwa. Kila mwaka jibu lilikuwa subiri. Machi 2019 nafasi ikajazwa, na aliyeletwa alikuwa mwenzangu yule wa meza ya kutazamana, wakati huo akiwa kituo cha mkoani. Sababu sikuandikiwa. Nilinong'onezwa koridoni na mtu aliyekuwa ndani ya kikao: ilionekana Mama amebakiza muda mfupi kustaafu, na nafasi inahitaji mtu wa kusafirisafiri.

Muda mfupi. Tulizaliwa mwaka mmoja.

Siku aliporipoti alinikuta nimemwandalia faili la makabidhiano lenye kila kitu, hadi namba za simu za watu wa benki. Hakuwa na kosa, na hadi leo hatujakosana. Alinishukuru mbele ya watu wote. Alisema, "Mama huyu ndiye nguzo ya kitengo." Wote wakapiga makofi.

Nimefikiri sana kuhusu kukaimu tangu siku ile, na nimeuliza wenzangu wa taasisi nyingine, mabenki, hospitali na shule. Sina takwimu za kukupa, nina masikio tu. Ninachosikia ni kwamba wanawake wengi waliokomaa wamekaimu muda mrefu kupita kiasi. Kukaimu kunamfaa mwajiri: kazi inafanyika, nafasi inabaki wazi kwa ajili ya mtu atakayetakiwa baadaye, na anayekaimu halalamiki sana kwa sababu anatumaini. Lakini kuna jambo moja ambalo hata mimi mhasibu nililipuuza wakati ule. Michango ya pensheni inakatwa kwenye mshahara, asilimia 5 yako na 15 ya mwajiri. Posho haimo. Kwa hiyo miezi yangu 40 ya kusaini vocha kama mkuu wa kitengo, kwenye kikokotoo, ni miezi 40 ya mhasibu wa kawaida. Hata shilingi moja haikuongezeka. Ningethibitishwa 2015, miaka yangu kumi ya mwisho ingekuwa miaka kumi ya mshahara ule.

Kuna watakaouliza kwa nini sikulalamika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini, na imetaja jinsia, imetaja ujauzito, imetaja hali ya ndoa na majukumu ya familia, imetaja na umri. Nimeisoma. Sikulalamika kwa sababu nilijua nitaitwaje. Mwanaume akidai chake ni mtu wa msimamo. Mama akidai, ana gubu. Na gubu likishakukaa, hata zile karamu za kuagana hutaitwa. Leo naona nilikosea, ila siwezi kujilaumu sana, maana hofu ile ilikuwa na sababu.

Shoga yangu mmoja, tuliyesoma naye sekondari ya Zanaki, yeye alipotezea pengine, kwenye hamahama ya Dodoma. Julai 2016 Rais Magufuli alipotangaza kuwa serikali yote inahamia makao makuu, watu tuliongea habari za nyumba, za viwanja, za maji. Sikusikia mtu akizungumzia ndoa. Wizarani kwao alipewa nafasi ya kupanda, kwa sharti la kuhama kwanza na kundi la mwanzo. Ana miaka 49 wakati huo, watoto wawili sekondari, mume ana biashara Kariakoo. Kikao kikakaliwa na upande wa ukweni. Swali lilikuwa moja tu, na liliulizwa kwa mapenzi kabisa: "Nyumba utamwachia nani?"

Wanaume wa ofisi ileile walihama. Walipanga vyumba wakakaa wawili wawili, Ijumaa mchana wanapanda basi kurudi Dar, Jumatatu alfajiri wako njiani. Hakuna aliyeulizwa nyumba anamwachia nani, kwa kuwa jibu lilijulikana. Shoga yangu akaomba ahamishiwe taasisi inayobaki Dar, kwa cheo kilekile, na kwa cheo hicho ndipo atakapostaafia. Siku hizi tangu treni ya SGR ianze kwenda Dodoma, Julai 2024, safari ni ya saa chache tu. Anasema ingekuwepo wakati ule angekubali. Nilimsikiliza nikanyamaza. Treni ingemfikisha Dodoma, lakini swali la ukweni lingebaki limemkalia sebuleni.

Sasa ule mwaka wangu wa pili.

Mwaka 2011 mama yangu alipata kiharusi, kijijini kwetu Muheza. Tumezaliwa watano, wanaume watatu na wanawake wawili, na mdogo wangu wa kike wakati huo alikuwa na mimba changa. Kikao cha familia hakikumaliza hata chai. Kaka mkubwa alisema, "Mama ataletwa Dar, kwa dada yenu, kliniki Muhimbili ni karibu." Ilikuwa sawa. Mimi mwenyewe nisingekubali aende kwingine.

Ukisoma sheria ile ya 2004 kama ilivyotungwa, mfanyakazi anapewa angalau siku 4 za likizo yenye malipo mtoto wake akiugua au akifariki, na akifiwa na mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu. Isome polepole. Mtoto akiugua, siku zipo. Mzazi akifariki, siku zipo. Mzazi akiugua hayumo. Waliotunga walifikiria mfanyakazi mwenye watoto wadogo, na hawakumfikiria yule wa miaka 46 ambaye watoto wamekua na sasa mama yake ndiye wa kugeuzwa kitandani kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda.

Nilimaliza likizo yangu ya mwaka. Nikaomba ruhusa hadi aibu ikaniingia. Mwisho nikachukua likizo bila malipo, miezi 12. Nilijifunza kumlisha uji kwa kijiko bila kumpalia. Nilijifunza kumsikiliza, maana alikuwa anaongea nusu ya neno na mimi namalizia. Jioni nilimtoa barazani kwenye kiti cha magurudumu atazame watu wakipita, na akiona mwanamke kabeba ndoo ya maji kichwani alikuwa anacheka, sijui alikumbuka nini. Alifariki akiwa mikononi mwangu, na mimi ndiye niliyemwosha. Sijutii hata siku moja ya mwaka ule. Ningepewa tena ningeuchukua.

Kaka zangu walituma fedha kila mwezi, hawakukosa, nawaombea kheri. Lakini fedha zao zilitoka kwenye mishahara iliyoendelea kuingia na michango iliyoendelea kukatwa. Mchango wangu mimi ulikuwa miezi 12 juu ya 580, na unakatwa kwenye pensheni yangu kila mwezi hadi nife. Hatukuuandika popote tulipokuwa tunagawana gharama. Hata mimi, mwenye taaluma ya hesabu, sikufikiri kuwa ni gharama.

Kuna jambo jingine la umri huo ambalo nimesita kuliandika, kisha nikaona kusita kwenyewe ndiko kunakotuumiza. Hedhi yangu ilianza kukata nikiwa na 49, na hadi 52 mwili haukuwa wangu. Kwa wanawake wengi huwa kati ya miaka 45 na 55. Joto linapanda kutoka tumboni hadi usoni ghafla, usiku shuka zinalowa, usingizi unakimbia, na asubuhi unasahau jina la mtu uliyefanya naye kazi miaka kumi. Februari moja, Dar inavyokuwa Februari, kiyoyozi cha ukumbi kimekufa, nikiwa nimesimama mbele ya bodi nikieleza taarifa ya robo mwaka, jasho likanitoka hadi matone yakadondokea kwenye karatasi. Mjumbe mmoja akasema kwa huruma, "Mama presha hiyo, mwacheni akapumzike." Taarifa yangu ikamaliziwa na mtu mwingine. Presha sikuwa nayo wala sijawahi kuwa nayo. Lakini tangu siku ile ikawa inajulikana kuwa Mama afya yake si nzuri.

Ningewezaje kuwaambia? Nilipovunja ungo niliwekwa ndani, kungwi akanifundisha kila kitu cha kuanza, kwa nyimbo na kwa ukali. Hakuna kungwi wa kumaliza. Mama yangu alipitia hayo akiwa shambani, akikaa chini ya mwembe hadi litulie, na hakuna bodi iliyokuwa ikimtazama. Sisi ni kizazi cha kwanza cha wanawake wengi tuliopitia mabadiliko haya tukiwa ofisini, na hatukuwa na neno la kuyasemea.

Najua nitajibiwa kwamba mbona wapo waliofika juu. Wapo, na nawapenda. Mama Gertrude Mongella wa Ukerewe, aliyezaliwa Septemba 1945, alikuwa anafikisha miaka 50 Septemba 1995 wakati akiongoza ule mkutano mkubwa wa wanawake wa Umoja wa Mataifa kule Beijing kama Katibu Mkuu wake, hadi leo watu wanamwita Mama Beijing. Mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika, akikaribia 59, umri ambao mimi nilikuwa naandikiwa barua ya kukumbushwa kuandaa nyaraka za kustaafu. Na Machi 19, 2021 Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais akiwa na miaka 61, mwaka mmoja zaidi ya umri ambao sheria inaturudisha watumishi nyumbani. Naye nchi nzima inamwita Mama.

Siku ile ya kuapishwa nilikuwa ofisini, tumesimama mbele ya televisheni ya mapokezi, mimi na wanawake wengine wanne wa rika langu. Mmoja alilia. Nami nilitazama ule mkono ulioshika Msahafu nikawaza kuwa kumbe neno Mama linaweza kubeba nchi. Mama yule ana saini. Sisi wengine tumepewa jina bila saini, na nadhani hapo ndipo penye kidonda. Mzee likiongezwa kwa mwanaume linakuja na mamlaka mkononi. Mama likiongezwa kwetu linakuja na kazi za nyumbani, tunazifanyia ofisini.

Siwezi kumaliza bila kumtaja mtu mmoja. 1997, nikiwa na mtoto wa kwanza wa miezi mitatu, alikuja kwangu binti kutoka Lushoto, ana miaka 18, kufanya kazi za ndani. Alikaa miaka 11. Kila siku niliyofika kazini kwa wakati, ni yeye aliyekuwa amebaki. Wakati nakesha na mtihani wa bodi ya wahasibu, ni yeye aliyekuwa anabembeleza mtoto. Alipoondoka kuolewa nilimpa cherehani, godoro na vyombo, nikaona nimetenda wema. Miezi yake ni 132. Hakuna mfuko wowote ulioandika hata mmoja. Mimi nilikuwa mwajiri wake, na mimi ndiye sikuandika. Nikiwa nalalamika leo juu ya miezi yangu 12, haki inanitaka niiseme na hiyo. Tunaongea kwenye simu. Macho yake yamepungua nuru, cherehani ameiacha. Mwanangu yule aliyemlea na mimi tumeanza kumtumia kitu kila mwezi, na kwenye kumbukumbu zangu siandiki msaada. Naandika malimbikizo.

Tangu Septemba, kila Jumamosi ya tatu ya mwezi, barazani kwangu wanakuja wanawake. Ilianza na rafiki wa binti yangu, akaja na mwenzake, sasa wanafika saba, wa miaka 38 hadi 52. Wanakuja na slipu zao za mshahara. Kuna chai ya tangawizi na vitumbua. Tunahesabu miezi, tunatafuta iliyokosa michango, na mara mbili tumekuta mwajiri alikata lakini hakupeleka. Tunaongea habari za kuuguza wazazi, na nimewaambia siku ya kikao cha familia waende na kalamu. Tunaongea pia habari za kukoma hedhi, kwa sauti ya kawaida, kama tunavyoongea bei ya mchele.

Mwezi uliopita mmoja wao, muuguzi, ana miaka 51, anakaimu uuguzi mfawidhi mwaka wa pili sasa. Aliniuliza, "Mama, nikidai kuthibitishwa wataniona jeuri. Nikinyamaza nitazeeka na kaimu yangu. Nifanyeje?" Nilimwambia akae pale pale mezani aandike barua, aombe athibitishwe au apewe sababu kwa maandishi. Akaandika kwa mkono, polepole, wengine tukimngoja kama tunamngoja mtu akimaliza kusali. Akatusomea. Barua ilikuwa nzuri, fupi, ina tarehe zote. Ila mwisho alikuwa ameandika: samahani kwa usumbufu.

Mwenzake mmoja akamuuliza usumbufu gani.

Akautazama ule mstari kwa muda, akachukua karatasi nyingine, akaanza kunakili upya. Barua aliipeleka Jumatatu, nakala ina muhuri wa kupokelewa. Jibu bado.